Njia ya Ramsha

Jumapili hiyo soko la mitumba la Islamabad lilikuwa limefurika, na Ramsha alikuwa ameinamia lundo la viatu, mtandio wake wa rangi ya haradali kaufunga kiunoni kama mtu aliyekuja kugombana. Akakipata alichokuwa akikitafuta: kiatu cha kukimbilia milimani, meno yake ya chini mazima. Cha kushoto. Alipoinua macho, cha kulia kilikuwa mkononi mwa kijana mrefu, mwembamba.

"Dada, hicho changu," kijana alisema.

"Mguu wako ndio mdogo hivyo?"

"Vidole vitazoea."

"Vionee huruma, kaka. Lete hicho."

Akakitoa huku akicheka. Jina lake Shehroz, mchora ramani kwa kazi, na kwa mapenzi mtafuta vijia. Vilima vya Margalla, juu ya mji, vina njia zenye namba, lakini siku hizi zimejaa familia, chipsi na nyani wezi. Yeye alizitaka zisizo na namba.

"Njoo Ijumaa alfajiri," alimwambia. "Tupo kikundi cha wakimbiaji, na wanawake wamo."

Ramsha akaenda. Nyumbani aliaga kuwa anatembea bustanini na rafiki yake Ghazala, na uongo huo haukumkosesha usingizi. Tangu baba yao afariki, kaka yake Waqas ndiye aliyeshika funguo za kila jambo, na ni kule juu tu, miguu ikiwa na matope, ndiko alikopumua.

Mazoea yakaleta simu.

"Umelala, mpenzi?"

"Nimelala. Anayeongea ni magoti."

"Basi yamwambie Ramsha kwamba baada ya Idi namtuma mama kwenu kuposa."

"Yatamwambia. Atajifanya hajafurahi."

Asubuhi moja wawili hao waliwatangulia wenzao, wakafuata korongo kavu lililozibwa na vichaka, wakatokea kwenye makomamanga mwitu na chemchemi, na kutoka hapo kijia laini kikateremka hadi ukingoni mwa mji. Hakuna mkimbiaji aliyekijua. Na desturi yao ni kwamba anayekipata kijia ndiye anayekipa jina.

Shehroz akakiweka kwenye ramani ya simu wanayoitumia wakimbiaji wote wa mji: Njia ya Ramsha. Akaongeza na picha ya Ramsha, anacheka kando ya chemchemi, kichwa wazi. Kijana alidhani anatoa zawadi.

Wiki haikuisha. Ofisini kwa Waqas, mwenzake mmoja anayekimbia alimuuliza wakiwa kwenye chai, kwa nia njema kabisa, kama huyo Ramsha wa njia ni dada yake, maana wamefanana mno. Waqas alirudi nyumbani, hakumpigia mtu kelele. Alimwonyesha mama ile picha, akaenda kuswali. Ramsha hakutoka tena alfajiri.

Mama yake Shehroz akaja upesi na maboksi ya vitamutamu. Alipokewa kwa heshima zote, akaandaliwa chai na kebabu.

"Dada yangu, mwanao hana kasoro," mama Ramsha alimwambia. "Angekuleta mwezi uliopita ningembusu paji la uso. Leo nikimpa binti, mtaa mzima utasema yaliyosemwa yalikuwa kweli. Na nyuma yake kuna wadogo zake wa kuolewa."

Upande wa pili wa pazia, Ramsha alilia ameuma mtandio.

Siku chache baadaye Ghazala alikuja tena kumsalimu, akampa simu yake jikoni, Shehroz akiwa upande wa pili, bomba wameliacha wazi lipige kelele.

"Ramsha, roho yangu. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Ndiyo maana inauma."

"Jina nimelifuta. Nimewaomba wakimbiaji wote, nao wamelifuta. Sasa inaitwa Njia ya Chemchemi. Jina lako halipo tena popote."

Ramsha moyo ulimshuka. Kwao hata kadi ya harusi humwandika bibi harusi "binti wa fulani" tu, jina lake halitajwi.

"Shehroz, ulipoliweka hukuniuliza."

"Najua."

"Na ulipolifuta, uliniuliza?"

Ramsha akazidi kulifungua bomba.

"Nilikuwa nalipenda," Ramsha alisema. "Ghazala akija, nilikuwa naangalia kwenye simu yake nani kapita kwangu. Juzi walipita wasichana wa chuo."

"Nalirudisha sasa hivi."

"Hapana. Kumbe ndiyo maana tangu jana kaka ametulia. Liache hivyo. Kimbia salama, mpenzi wangu."

Akamrudishia Ghazala simu, akaendelea kuosha sufuria ya wali.