Chai ya Fundi wa Juu

Ngo.

Mara moja tu. Nyundo kwenye mti.

Mwongeli aliacha kukoroga chai. Giza lilikuwa linaanza kushuka juu ya malori yaliyosimama kando ya barabara ya Mombasa, na hapa mjini Salama hakuna fundi aliyekuwa amepanda jukwaa lile la ujenzi kwa miezi miwili.

Miti ya jukwaa ilisimama mbele ya hoteli yake, imepinda, imetapakaa saruji, misumari nje. Madereva waliitazama wakapita, wakidhani pamefungwa. Mwongeli alichoka. Alichoka kukanda unga wa chapati za kula mwenyewe. Ndungu wa duka la vyuma ndiye aliyeleta wazo: wafunike jukwaa lote kwa turubai, wachore juu yake alizeti na kikombe kikubwa cha chai.

"Nani atakula akiangaliwa na mifupa hii?" Ndungu alisema.

Turubai lilipandishwa asubuhi hiyo. Kufikia jioni, madereva watatu walikuwa mezani. Wa kwanza tangu siku ile.

Siku ile haikutajwa. Fundi alianguka kutoka jukwaani, ghorofa ya tatu. Kontrakta akasema ni kibarua tu, hamjui, kisha akatoweka. Maiti ikapelekwa mochari bila jina. Wenye maduka wakakubaliana kunyamaza, maana nani atakunywa chai mahali mtu alipofia? Na mama wa marehemu alipokuja na picha, akiuliza mlango kwa mlango, wote walitikisa vichwa.

Mwongeli pia. Mkononi alikuwa ameshika kikombe cha fundi yule.

Ngo.

"Mama Ben, huyo fundi wako hapumziki?" dereva mmoja alimuuliza Mwongeli.

"Labda amekosana na bibi," mwenzake akasema. Wakacheka.

"Ni upepo," Mwongeli alijibu.

Hapakuwa na upepo.

Aliijua sauti hiyo. Fundi yule akitaka chai aligonga mti mara moja. Mwongeli alitia kikombe kwenye ndoo, akaifunga kamba, kisha akamwita kwa jina avute. Asipoitwa hakuvuta. Aliogopa kumwagia mtu wa chini chai ya moto.

Harufu ya saruji mbichi iliingia mlangoni...

Alitoka nje. Huko juu, penye alizeti, turubai lilituna. Kama goti. Likatuna tena, chini kidogo. Kisha katikati ya kikombe kilichochorwa, vidole vitano vikajitokeza kutoka ndani. Rangi ikapasuka taratibu.

Miguuni pake palikuwa na ndoo.

Ndoo ile ile. Alikuwa ameitupa nyuma ya jiko miezi miwili iliyopita. Kamba yake ilipanda, ikapotea nyuma ya turubai. Imelegea. Inangoja.

"Hodi, mwanangu."

Mwongeli alishtuka. Ni yule mama, amefunga leso kichwani, vumbi la kwao Tseikuru hadi magotini. Hii ilikuwa safari yake ya tatu. Picha ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

"Karibu, mwaitu, mama yetu," Mwongeli alisema, macho chini.

Ngo.

Yule mama aliinua kichwa.

"Nyumbani kijana wangu alibisha hivyo hivyo," alinong'ona. "Mara moja. Anangoja hapo nje mpaka umtaje."

Madereva walikuwa wameweka vikombe chini. Ndungu, mlangoni pa duka lake, alimtazama Mwongeli, akatikisa kichwa polepole. Hapana. Fikiria wateja.

"Mwanangu," mama akasema, "nani yuko huko juu?"

Mwongeli alizitazama meza zake. Watu watatu, baada ya miezi miwili. Wakisikia, hawatarudi, na watawaambia wengine hadi Mtito Andei.

Lakini alikuwa amechoka kuliko alivyoogopa.

Alirudi jikoni, akamimina chai kikombeni hadi ukingoni, sukari vijiko vinne kama zamani. Akatoka, akaiweka kwenye ndoo. Akaishika kamba. Ilikuwa baridi, na saruji iliyoganda juu yake ilikuwa na alama za vidole.

Hakutazama juu. Alimtazama yule mama.

"Vuta," alisema. "Vuta chai yako, Muthama."