Ua Lisilongoja Kesho

Mikono miwili ilikishika chungu kimoja, na hakuna aliyekubali kuachia.

"Samahani, bibie," alisema Torvald, "nimekiona mimi kwanza."

"Kukiona si kukishika, bwana. Tena ushukuru nakunyang'anya. Ua hilo litakufia."

Torvald Nygaard alikuwa amekuja kutengeneza lifti. Kazi ilipokwisha akatokea mlango usio wake, akajikuta katikati ya mauzo ya chama cha wapenda mayungi ya bustani wa Lafayette. Ukumbi ulikuwa umefurika. Watu wazima na akili zao walisukumana kwa vigari vilivyojaa vyungu, wakiitana, wakigombana, wakicheka. Naye, na ovaroli lake lenye grisi, alivutwa na picha moja tu iliyobandikwa chunguni: ua jeusi kama zabibu zilizoiva, kooni limewaka kijani.

Mwanamke aliyeshika upande wa pili wa chungu alivaa gauni la kitani la manjano, hereni za lulu na mabuti mekundu ya mpira. Nywele alizifunga kwa kitambaa cha kijani. Aliitwa Odile Robichaux, mwenye saluni katikati ya mji.

"Hili ni la watu wa kaskazini," Odile alimwambia. "Linataka baridi kali ili lipate kulala. Hapa Louisiana baridi yenyewe ni ya kutania. Litakonda, kisha lioze."

"Mimi pia natoka kaskazini. Minnesota."

"Ndiyo maana umekonda."

Torvald akacheka bila kutaka. Odile akamshika mkono wa ovaroli, akamvuta hadi meza nyingine.

"Chukua yale yasiyopukutisha majani mwaka mzima. Na usitazame picha! Kwenye picha hata mimi mrembo."

"Huhitaji picha wewe."

"Nyamaza, usikilize. Bonyeza hapa shingoni, majani yanapokutana na mizizi. Pagumu? Vizuri. Sasa tazama kikonyo. Unaona matumba yalivyojipanga? Kila tumba na siku yake."

"Siku yake vipi?"

"Linafunguka alfajiri, likifika giza limekwisha. Siku moja, basi."

Torvald alidhani anataniwa. "Watu wote hawa wanapigana vikumbo kwa ajili ya ua la siku moja?"

"Wewe ngoja," alisema Odile.

Alinunua lile alilochaguliwa, la rangi ya pichi, na lile jeusi pia, kwa ukaidi. Odile akatikisa kichwa, akachukua kalamu ya kuandikia vibao vya mimea, akamwandikia namba ya simu kiganjani.

Simu zikaanza jioni ileile.

"Nimechimba shimo refu," Torvald alijigamba.

"Unapanda ua au unazika mtu? Udongo wetu unashika maji. Inua tuta, tandaza mizizi juu yake kama sketi, na shingo usiizike."

"Na maji?"

"Mengi. Na jua pia. Na wewe umekula?"

"Mkate na jibini."

"Mungu wangu! Kesho pita saluni. Kuna wali wa soseji."

Akapita kesho yake, na keshokutwa. Punde mabinti wa saluni walimzoea, wakambandika jina: Barafu. Odile ndiye aliyeongeza neno, siku moja, kwa sauti ya chini, akimtengeneza kola: "Barafu wangu."

Mwezi wa Mei, kabla jogoo wa jirani hajaamka, simu ya Odile ililia.

"Nani amekufa?" aliuliza kwa usingizi.

"Hakuna aliyekufa. Linafunguka! Odile, naliona linafunguka!"

Odile alifika na gauni la kulalia na mabuti mekundu, chupa ya kahawa kwapani. Torvald alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Tumba lilikuwa limepasuka ncha. Petali moja ilijing'oa kwa wenzake, ikatetemeka, ikajikunja nyuma polepole. Ya pili ikafuata. Mwanga ulipowafikia, ua lilikuwa wazi lote, pana kuliko kiganja cha Torvald, rangi ya pichi iliyonyunyiziwa chembe zing'aazo kama dhahabu iliyosagwa, kingo zake zimefumwa marinda madogomadogo.

Mtu huyu alikuwa ameumaliza ujana wake ndani ya mashimo ya lifti, kati ya nyaya na giza. Hakujua kwamba dunia hufanya mambo kama haya kila asubuhi, bila kuitwa, bila kuangaliwa. Alivua kofia. Odile, aliyekwisha kuotesha mayungi yasiyo na idadi, naye alipiga magoti kando yake. Kahawa ilipoa.

Jioni ua lilikuwa limejikunja, limelowa kama kitambaa cha machozi.

"Unalia?" Odile aliuliza.

"Silii."

"Basi macho yako yanafanya nini?" Akalikwanyua ua lililokufa, akamwonyesha tumba nono lililokuwa nyuma yake. "Huyu hapa wa kesho. Hajui habari za mwenziwe."

Hapo Torvald akambusu, vidole vyao vikiwa na utomvu.

Walipendana majira yote ya maua. Kiangazi kilipokolea, kampuni ikampeleka Torvald Houston kwa kazi ya wiki kadhaa. Bustani akamwachia Odile.

Aliporudi alikuta ardhi tupu. Majani yote yamefyekwa hadi shingoni. Mahali pa lile jeusi palikuwa na shimo. Alisimama na begi begani. Mke wake wa zamani, siku ya kuachana, alimwaga zege juu ya kitalu cha mboga cha Torvald; picha ile ilimrudia nzima. Akapiga simu.

"Umefanya nini, Odile?"

"Umefika, kipenzi? Yaliingia kutu, ule ugonjwa wa majani, nikayakata. Nimekupigia mara—"

"Nilikuwa ndani ya shimo la lifti! Ungengoja nirudi!"

"Kutu haingoji mtu."

"Na lile jeusi? Hukulipenda tangu siku ya kwanza."

"Lilikuwa limeoza, Torvald. Nililishika likanibaki mkononi."

"Ndivyo mlivyo. Mtu akikiweka moyoni kitu, mnakuja na mkasi."

Odile akasema, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi: "Mimi na nani? Huyo mwingine simjui. Mimi nilipiga magoti kwenye jua la Julai kwa ajili yako." Akakata.

Torvald alijiambia atapiga kesho. Kesho akaona aibu, keshokutwa aibu ikawa kiburi. Mabinti wa saluni wakampita barabarani kama hawamjui.

Lakini ardhi haina kiburi. Kwanza zilichomoza ncha, kisha majani, mabichi, safi, yanameta. Siku moja akitoka kazini alisimama kwenye uzio wa jirani, ambaye naye alipanda mayungi na hakuyakata. Majani yalikuwa yamekauka. Alipoyagusa, vidole vyake vilitoka na unga wa rangi ya chungwa, kutu yenyewe. Akatazama kwake, akatazama kwa jirani. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Namba ya Odile aliifungua, akaifunga. Maneno aliyonayo yalikuwa madogo mno. Mwisho wa Septemba, asubuhi moja, yungi lake likafanya lisilotarajiwa: likachanua tena. Ua moja, pana, peke yake. Torvald alilitazama, akakumbuka kwamba jioni litakuwa limekwisha. Akachukua koleo la kuchimbia.

Saluni ilikuwa imejaa. Madreya ya kukaushia nywele yanavuma, wanawake wanasimuliana ya mji, Odile amevaa aproni nyeusi na glavu, akimpaka mteja wake, Bi Ernestine, dawa ya rangi. Mlango ukafunguka. Torvald akaingia na ndoo, ndani yake yungi zima na udongo wake, ua limefunguka juu kabisa, jua la dirishani limelipitia kama taa.

Dreya moja likazimwa. Halafu jingine. Mwanamke mmoja akaweka mkono kifuani.

Odile ndiye aliyesema kwanza. "Umeling'oa likiwa limechanua? Juani hivi? Una kichaa?"

"Lisingengoja kesho. Wala mimi nisingeweza." Akaiweka ndoo chini. "Nilikuhukumu kwa kosa la mtu mwingine. Wewe uliyaponya, mimi nikakutukana. Nisamehe, Odile. Uwanja wangu ni mdogo, wako mkubwa. Naomba nilipande kwako. Nami nije nalo."

"Unachumbia, au unaomba kupanga chumba?"

"Nachumbia."

Odile alivua glavu. Akaligusa ua kwa ncha ya kidole, kwa hofu, kama mtu anayelitazama kwa mara ya kwanza. Macho yalimjaa machozi.

"Keti pale," alisema. "Bi Ernestine ana dawa kichwani. Nikimaliza tutalitia ardhini kabla jua halijazama."

"Hilo ndilo jibu?"

"Barafu wangu, nimekubali ulete mizizi yako nyumbani kwangu. Unataka jibu gani tena?"

"Mjibu vizuri, mwanangu, aelewe," Bi Ernestine alilalama kutoka kitini, "mimi kichwa kinaungua!"

"Ndiyo," akasema Odile. "Ndiyo, Torvald."