Magurudumu Yaangalie Juu

Ukimwoza dada yako kwa mwalimu wa fizikia, jiandae kusahihishwa hata ukisalimia. Ndivyo alivyo shemeji yangu Christophe. Tunafundisha shule moja hapa Kasongo, yeye fizikia, mimi Kifaransa. Asubuhi ile tulipita pamoja kumpa pole jirani yetu Sifa. Mumewe Amisi alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki njia ya Salamabila, hadi breki zilipomkatikia mlimani.

Uani kwa Sifa kila chenye gurudumu kilikuwa kimepinduliwa: baiskeli, toroli, hata kigari cha remoti cha watoto. Ndiyo desturi ya ukoo wao mpaka dua ya arobaini. Christophe alikiona kigari, akakitaka kwa somo lake la mwongezeko wa kasi.

"Mwalimu, magurudumu yaangalie juu," Sifa alinong'ona. "Bwana yangu angali njiani. Ukiyazungusha, atatafuta mutu wa kubeba."

"Mama Sifa, hii iko inatembea na pile, betri tu, haitembei na mizimu."

Akakitia mfukoni mwa koti. Mjane alijifunika uso kwa kitenge.

Darasani kwake wanafunzi walipiga makofi kwa mapigo sawa, naye kila kofi akatia chaki sakafuni pale kigari kilipofika. Alama zikazidi kuachana. Nikiwa darasa la jirani, nilimsikia kupitia ukuta akieleza kwamba hata gari la rally huongeza kasi hivyo, kisha hewa na ardhi huligomea, kasi ikatulia.

Makofi yalikatika ghafla. Nikaenda kuchungulia.

Kasi haikutulia. Kigari kilizunguka darasa kikivuma, wanafunzi wamepanda juu ya madawati. Christophe aliiacha remoti. Akakidaka kigari, akatoa pile zote. Magurudumu yakaendelea kuzunguka hewani, upesi zaidi.

Simu yake ikalia, akawasha spika na kuiweka mezani. Alikuwa Célestine, dada yangu, mkewe, akirudi kutoka Kabambare kwa pikipiki ya kukodi, simu kaichomeka ndani ya kitambaa cha kichwa kama kawaida yake.

"Christophe, breki hazikamate. Moteur imezimika lakini inakimbia. Dereva ameruka."

"Ruka na wewe!"

"Siwezi. Kuna mutu amenishika mikono kutoka mbele." Akalia. "Tunapanda mulima. Miti siioni tena."

Christophe aliyatazama magurudumu. Alielewa kabla yangu. Nilinyoosha mkono niyabane, akanisukuma.

"Ikisimama mara moja, yeye hatasimama! Ataruka na kasi yote!"

Akaanza kuyabana polepole kwa kiganja. Ngozi ilinuka kuungua. Hakuachia.

"Inapunguza," Célestine alisema. "Christophe, inapunguza. Naona miti."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Na hapo mlango ukafunguliwa kwa teke. Préfet Gérard, mkuu wetu wa shule, mtu wa hasira za karibu, akaingia.

"Darasa ni soko?"

Alimpokonya kigari, akakipiga sakafuni.

Magurudumu yalisimama. Simu ilinyamaza.

Tulimkuta Célestine ameketi katikati ya barabara ya Kabambare, bila mkwaruzo. Pikipiki haijaonekana mpaka leo.

Sasa yuko nyumbani kwangu. Hasemi. Anaketi wima kitandani, mikono imeshika kitu mbele yake, dirisha limefungwa, na machozi yake hayashuki mashavuni. Yanakwenda nyuma, kuelekea masikioni. Mwanzoni zilitikisika nywele tu. Dua ya Amisi imesomwa, tumeita padri, tumeita shehe. Sifa alikuja akamtazama, akalia. "Bado hawajafika," alisema, akaondoka.

Christophe anakaa miguuni pake, kiganja kimefungwa bendeji. Mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu ana neno moja tu: "Inaongezeka." Nami sina la kumfanyia dada yangu ila kumfuta uso.

Jana nilimfunga kitambaa cha kichwa kwa mafundo mawili. Asubuhi hii nimekikuta ukutani nyuma yake, kimelala bapa kwenye saruji. Nimekivuta kwa mikono miwili. Hakibanduki.