Kiti cha Mbele

Ridi ya klarineti ilikuwa imelowa.

Ridi ni kile kijipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti, na mpigaji huilowesha kwa mate kabla ya kupuliza. Nzai alikuwa bado hajaitia mdomoni. Alifungua sanduku adhuhuri ile, ukumbini Malindi, sanduku alilolifunga mwenyewe kwa ufunguo jana yake, akaikuta ridi inateleza mate na mdomo wa ala una joto, kama kikombe kilichowekwa chini sasa hivi.

"Nani amegusa klarineti yangu?"

"Mwalimu, ufunguo unao wewe," alijibu Seif, mpiga ngoma wake.

Nzai aliifuta kwa kanzu ya bendi, akapuliza. Sauti ilitoka nzuri kuliko siku zote, na mambo yakaishia hapo. Hakuwa mtu wa kushtushwa na mate.

Alikuwa na haki ya kujiamini. Alianzia tarumbeta kwenye bendi ya kanisa Kilifi, akahamia hoteli za Malindi, na huko akagundua kwamba mtu wa ala moja hurudishwa nyumbani wageni wakipungua, lakini mtu wa ala tano hubaki. Basi akajifunza saksafoni, klarineti, kodiani na piano. Mwishowe akawa na bendi yake ya jazi, na watu wa maigizo wakawa wanamfuata awapangie muziki. Ungemletea wimbo unaoimbwa na mtu mmoja jikoni, naye angeugawa, huku saksafoni, huku tarumbeta, mpaka ukumbi mzima unyamaze. Kujisifu alijisifu, tena sana, lakini hakuwa akisema uongo.

Safari hii alikuwa anampangia Viola, mtunzi wa tamthilia, mchezo kuhusu binti wa Magarini aliyepandwa na pepo. Viola alitaka wimbo wa kweli wa kupunga pepo. Nzai akaenda Magarini kwa Hawe Kadii, yaani Nyanya Kadii, bibi mganga, akamkuta uani na kayamba lake la matete, lile linalotikiswa mbegu zikalia ndani.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mwanangu."

Bibi alimwimbia, Nzai akarekodi kwa simu. Ulipokwisha, bibi alimtazama. "Wimbo huu una mwenyewe. Utamwita kila siku mbele za watu. Akija, utampa nini?"

Nzai alicheka. "Nitampa kiti, hawe. Kiti cha mbele kabisa."

Kayamba likanyamaza. "Umesema kiti."

"Cha mbele."

"Haya. Umesema wewe, si mimi."

Kwa watu wa kupunga, kiti si mbao wala plastiki. Kiti ni mtu. Pepo akimpanda mtu akamfanya wake, mtu huyo ndiye kiti chake. Nzai alizaliwa katika boma ambako hata watoto walilijua neno hilo. Angekuwa mgeni tungemsamehe. Lakini miaka ya hotelini ilimfanya alisikie kama wanavyolisikia wauza samani. Aliporudi ukumbini aliweka kiti kitupu cha plastiki mbele ya bendi, akawaambia wenzake kwamba ni cha mwenye wimbo. Walicheka wote isipokuwa Seif.

"Mwalimu, mambo haya hayachezewi," Seif alisema kwa sauti ya chini. "Kitoe."

"Kimekukosea nini?"

Kesho yake ndiyo ile adhuhuri ridi ilipokutwa imelowa.

Siku ya kwanza ya mchezo, Nzai alipoufikia wimbo ule, harufu ya matete mabichi ilipita jukwaani, na nyuma ya bendi likasikika kayamba, ilhali hapakuwa na mpiga kayamba. Watu walisimama kupiga makofi. Nzai aliinama kuwashukuru akagundua kwamba midomo yake ina ganzi. Si midomo tu. Makofi yale, aliyoyaishia maisha yake yote, yaliingia sikioni yakakomea hapo.

Akahamia tarumbeta. Jioni iliyofuata mdomo wa tarumbeta ulikuwa na joto, na alipomaliza kupuliza, ganzi ilikuwa imefika shavuni. Saksafoni ikampelekea ganzi kooni. Kodiani alilikuta mikanda yake ina jasho la mabega ya mtu, akalivaa hivyo hivyo, akalivua kifua chake kimekufa ganzi. Alihama ala moja hadi nyingine kama mtu anayesogeza kitanda nyumba ikivuja. Na kila alipozidi kutosikia kitu, alizidi kupiga vizuri. Simu zilikuja kutoka Mombasa na Nairobi. Alizipokea kama anayesomewa bei ya nyanya.

Mama yake alifariki wiki za mchezo ule. Nzai alipiga tarumbeta kaburini, na waombolezaji walilia mpaka wengine wakashikwa mikono. Yeye alikuwa anatazama siafu waliokuwa wanavuka udongo mwekundu. Alijua kwamba anapaswa kuwa na huzuni. Aliitafuta, hakuiona, akaacha kutafuta.

Mkewe, Kahaso, alimwona. Aliogopa, lakini alijiambia ni msiba. Kisha asubuhi moja jikoni Nzai aliipua sufuria ya chai kwa mikono mitupu. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye sufuria.

"Chai imeiva," alisema.

Kahaso alimfunga mikono kwa kitambaa, naye akakaa ametulia tuli, kisha akasinzia hapo hapo kwenye mkeka, na Kahaso, ambaye tangu wajuane alipenda kumlalia kifuani, alishusha kichwa taratibu akaweka sikio pale moyo unapopiga, akangoja, akasikia si moyo bali mbegu, mbegu zikisogea ndani ya matete makavu, taratibu, upande huu, upande ule, kama kwamba mle ndani kuna mtu aliyeketi na kayamba lake akipitisha wakati, na alipojaribu kuinua kichwa akimbie, mbegu zilinyamaza, na alijua, kama unavyojua mtu akikutazama mgongoni, kwamba yule aliyekuwa akilitikisa amesikia kuwa anasikilizwa.

Siku ile ile alimwita Seif, wakampeleka Nzai Magarini. Hakupinga. Hakuuliza hata waendako.

Hawe Kadii alimkalisha uani juani, akamfunika shuka, akaanza wimbo. Makayamba yalilia mikononi mwa wasaidizi wake. Nzai alitikisika mabega, kisha sauti ikatoka chini ya shuka, ya upole, ya mtu aliyelelewa vyema.

"Msinipigie kelele. Nilikaribishwa."

"Ni mume wangu," alisema Kahaso.

"Ni kiti changu. Alinipa mwenyewe. Bibi alisikia."

Hawe Kadii aliinamisha kichwa. "Nilisikia."

Seif alikuwa anasoma Ayatul Kursiyyu kwa mnong'ono, jasho linamtoka. Kahaso alimsogelea bibi. "Hawe, mtoe. Huyu amekwisha. Hata mama yake hakumlilia."

"Aliyeingia kwa nguvu ningemtoa kwa nguvu," bibi alinong'ona. "Huyu alipewa kiti. Hafukuziki. Labda ahamishwe."

"Ahamishwe wapi?"

Kahaso alimtazama mumewe chini ya shuka, ile mikono iliyofungwa kitambaa imelala magotini. Kisha aliinua upindo wa shuka, akaingia humo humo alimokuwa yeye. Makayamba yaliendelea. Walioko nje walisikia mnong'ono wa Kahaso bila kupata maneno, halafu wakamsikia Nzai akipiga yowe la maumivu, uchungu wa mikono umemrudia wote kwa pamoja, na baada ya yowe akalia, akimwita mama yake, akilia kilio cha wiki zote alizokuwa amezikosa.

"Alhamdulillahi," Seif alisema, naye akalia.

Kahaso alitoka chini ya shuka, akajipangusa vumbi.

Nzai alirudi kuwa mtu. Alicheka, alikula, aliumwa na mikono na kulalamika kupita kiasi. Alikuwa na furaha mno hata hakumchunguza mkewe. Kama Kahaso alikuwa kimya, alidhani ni uchovu, na yeye ndiye aliyemchosha. Sanduku la klarineti lilikaa chini ya kitanda, limefungwa, ufunguo shingoni mwa Nzai.

Viganja vilipopona, alilivuta asubuhi moja akalifungua.

Ridi ilikuwa imelowa.

Alikimbilia jikoni akiita, "Kahaso, amerudi, ridi imelowa tena."

Kahaso alikuwa ameipua sufuria, ameishika kwa mikono mitupu, na moshi mwembamba unatoka vidoleni.

"Chai imeiva," alisema.

Nzai alimpokonya sufuria akaitupa nje. Alimshika viganja, akavipuliza kama mtoto. "Siku ile chini ya shuka. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia akae kwangu."

Nzai aliketi sakafuni akalia. Alisikia yote, uchungu, aibu, mapenzi, hapakuwa na ganzi hata kidogo. Kahaso alimtazama kidogo, kisha akatazama siafu waliokuwa wanakuja kwenye chai iliyomwagika.

"Viola amepiga simu," alisema. "Anataka mchezo urudi. Nimemwambia wewe utaongoza bendi. Kile kiti cha mbele nitakikalia mimi."