Cornelia na Benchi la Watu Watano

Asubuhi ile baridi ya Ufipa ilikuwa inauma masikio. Ignasi, mkewe Fransiska na binti yao Cornelia walikuwa shambani, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Walikuwa wakiinua matuta. Tuta la Kifipa si udongo mtupu. Kwanza unalaza majani, kisha unayafunika kwa udongo, yaoze humo ndani yawe mbolea. Cornelia alilaza majani, baba yake akafunika kwa jembe.

Siku nyingine Cornelia huimba akifanya kazi. Siku hiyo alikuwa kimya, na majani yalianguka huku na huko.

"We binti," Ignasi akasema, "hayo majani unayalaza au unayatupa?"

"Samahani, baba."

"Mwache," Fransiska akasema. "Mikono iko hapa, roho iko benki."

Ilikuwa kweli. Cornelia alikuwa amemaliza kidato cha nne. Tawi la benki pale mjini lilikuwa linatafuta makarani. Yeye akaenda kufanya mtihani, akashindwa. Hesabu hazikumsumbua. Lugha haikumsumbua. Yaliyomwangusha ni maswali ya kufikiri, yale mafumbo ya nani ameketi wapi na nani amemtangulia nani. Sasa benki ilitangaza mtihani tena. Aliyeshindwa aliruhusiwa kurudia mara moja tu. Akianguka safari hii, benki basi tena.

Baba yake mdogo, Theodory, alipita njiani na baiskeli. Aliposogea karibu alipiga kengele.

"Shikamoo, baba mdogo," Cornelia akasema.

"Marahaba, Bibi Benki! Naona leo unaweka akiba ya majani!"

Cornelia alicheka kidogo, lakini moyoni alisema, "Nitarudia. Na safari hii sitaanguka."

Jioni alikwenda kwa jirani yao, Kulsumu. Huyu alikuwa mke wa Huseni, mwenye lori. Watu walimwita Mama Uledi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa karani katika benki ileile. Cornelia alimkuta uani akipepeta mchele uliotoka Mtowisa, kule bondeni.

"Shikamoo, Mama Uledi."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu kigoda. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Nataka kurudia mtihani. Naomba unisaidie."

Kulsumu aliweka ungo chini. "Tuelewane mapema. Maswali yatakayokuja siyajui. Na hata ningeyajua, nisingekupa. Hiyo ni kazi ya watu."

"Sitaki maswali. Nataka kujua njia."

"Hapo sawa. Njia nitakupa yote. Haya, nitajie swali lililokushinda mara ya kwanza."

Cornelia alilikumbuka neno kwa neno, kwa jinsi lilivyomkaa rohoni. "Watu watano wameketi kwenye benchi moja, wote wakitazama mbele. Ni babu, baba, mama, mwalimu na mgeni. Mgeni ameketi mwisho, upande wa kushoto. Mama ameketi katikati. Babu hakuketi kando ya mama. Mwalimu ameketi kando ya babu. Je, kati ya mgeni na mama ameketi nani?"

"Wewe uliandika nini?"

"Babu."

"Kwa nini babu?"

"Kwa sababu mgeni huketishwa karibu na mzee wa nyumba. Ndiyo heshima. Halafu lile benchi lenyewe lilinichanganya. Mama ni mkamwana wa babu. Atakaaje benchi moja na baba mkwe wake? Kwetu mama angekuwa chini, kwenye mkeka, tena ameupa uso upande mwingine. Basi nikamtoa mama kwenye benchi. Nilipomtoa, mengine yote yakavurugika."

Kulsumu alicheka mpaka akashika mbavu. "Cornelia! Umekwenda kufanya mtihani au umekwenda kuwafundisha watu adabu?"

"Lakini si ni kweli?"

"Ni kweli nyumbani kwenu. Kwenye swali haipo. Swali limesema mama yuko benchi, basi yuko benchi. Hata lingesema mbuzi ameketi na askofu, wewe ungewaketisha. Swali ni kama nyumba ya watu. Ukiingia humo, vyombo vyako unaviacha nje."

Cornelia alitazama chini. Alikuwa amedhani hana akili. Kumbe alikuwa ameingiza kwenye swali mambo ambayo hayakuwamo.

"Sasa fanya hivi," Kulsumu akasema. "Kwanza soma swali lote, kalamu ikiwa mezani. Usikimbilie jibu. Pili, chora mahali pa kukaa. Mahali ni pangapi?"

"Patano."

Kulsumu alitafuta karatasi, lakini Cornelia alikuwa ameshapiga magoti mchangani. Alikusanya udongo kwa viganja, akafanya vituta vitano, mstari mmoja. Kulsumu alimwangalia.

"Mfipa haachi matuta," akasema. "Haya, vizuri. Mtihanini utachora viduara. Sasa anza na lile lisilo na ubishi."

"Mgeni yuko mwisho kushoto." Cornelia alichomeka kijiti kwenye kituta cha kwanza. "Mama yuko katikati." Akaokota harage karibu na ungo, akaliweka kwenye kituta cha tatu.

"Babu je?"

"Hayuko kando ya mama. Basi hayuko cha pili, wala cha nne." Cornelia alivipitia vituta kwa kidole. Kisha sauti yake ikapanda. "Cha kwanza kina mgeni. Cha tatu kina mama. Babu amebakiwa na cha tano tu!"

"Mwekee punje hii ya hindi. Usimwache mzee amesimama."

Cornelia aliweka punje ya hindi mwisho kulia. "Mwalimu yuko kando ya babu. Basi yuko cha nne. Kimebaki cha pili, na amebaki baba." Akainua kichwa. "Ni baba! Aliyekaa kati ya mgeni na mama ni baba!"

"Usishangilie bado. Rudi kwenye swali. Soma sentensi mojamoja, uangalie kama vituta vyako vinaikubali. Ikikataa hata moja, umekosea mahali."

Cornelia alisoma tena. Sentensi zote zilikubali. Jibu lilikuwa pale siku zote.

Tangu jioni ile alifanya mazoezi kila siku. Kulsumu alimtungia mafumbo, naye akayafumbua. Mara nyingine alikosea, akabomoa vituta, akaanza upya. Nyumbani nako mambo yalichangamka. Ignasi, aliyekuwa anajifunza kusoma katika darasa la kisomo la kijiji, alitaka naye kujibu.

Siku moja Kulsumu alikuja kununua ulezi, akawakuta wote jikoni wakiota moto.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, jirani," Ignasi akasema. "Tutegee fumbo. Leo nataka kumshinda huyu karani wako."

"Haya, sikilizeni. Malori yote yaliyobeba dagaa yalitoka Kirando. Lori la Huseni lilitoka Kirando. Je, lori la Huseni lilibeba dagaa?"

"Halikubeba," Ignasi akasema papo hapo. "Mumeo namjua. Hataki dagaa, wanamnukishia turubai."

"Limebeba!" Fransiska akasema. "Mtu atoke Kirando huko ziwani, apande milima yote hii na lori tupu? Huseni si mjinga wa kuchoma mafuta bure."

"Mama Cornelia, nakwambia hapakii!"

"Wewe ulikuwa utingo wake?"

Walibishana kweli. Cornelia alichukua kaa la moto lililozimika, akachora duara kubwa sakafuni.

"Hili ni zizi la malori yote yaliyotoka Kirando," akasema. Ndani yake akachora duara dogo. "Hili ni la malori yaliyobeba dagaa. Yote yalitoka Kirando, kwa hiyo zizi dogo liko ndani ya kubwa. Lori la Huseni lilitoka Kirando. Basi limo ndani ya zizi kubwa. Lakini je, limo ndani ya dogo? Swali halikusema. Linaweza kuwamo, linaweza kuwa nje yake. Jibu ni kwamba haijulikani."

"Haijulikani ni jibu?" Ignasi akauliza. "Mtu mzima unaulizwa, unasema haijulikani?"

"Ni jibu, mzee," Kulsumu akasema. "Mimi ni mke wa Huseni. Chakula chake napika mimi. Lakini kwa maneno haya tuliyopewa, hata mimi siwezi kusema lori lilibeba nini."

Ignasi alilitazama lile duara. "Hapo mmenikamata," akasema, akasogeza kuni.

Siku ya mtihani ikafika. Ukumbi ulijaa vijana. Wengine walitoka Kirando, wengine Mtowisa, wengine mbali zaidi. Cornelia aliketi karibu na kijana mmoja aliyevaa tai. Jina lake Flavian. Flavian alikuwa ameshanong'ona kwamba mafumbo haya ni mchezo wa watoto.

Cornelia alisoma swali la kwanza kalamu ikiwa mezani. Akachora viduara. Akaanza na lisilo na ubishi. Akajaribu, akahakikisha, akaandika. Swali la pili vivyo hivyo. Mkono ulitulia.

Kisha akafika kwenye swali hili: "Watu wanne walikwenda kusaga mahindi mashineni. Hakuna wawili waliofika pamoja. Mzee alifika kabla ya mwalimu. Mama alifika baada ya mwalimu. Mvuvi alifika kabla ya mama. Je, nani alifika wa kwanza? Je, nani alifika wa mwisho?"

Moyo ukaanza kumsukuma. Mama afike mwisho? Kwao akina mama hufika mashineni jogoo hawajawika. Na mvuvi atoke ziwani hadi huku, atamtangulia vipi mzee wa hapahapa? Basi wa kwanza ni mzee. Kalamu iligusa karatasi.

Akaiinua. Hayo yote alikuwa ameyaleta yeye kutoka nyumbani.

Alichora viduara vinne. Mzee, halafu mwalimu, halafu mama. Huo mpangilio ulikuwa hakika. Mvuvi je? Swali lilisema tu kwamba alifika kabla ya mama. Akamweka baada ya mzee. Sentensi zote zikakubali. Akachora upya, akamweka mvuvi mbele ya mzee. Sentensi zote zikakubali tena. Kwa hiyo wa kwanza aliweza kuwa mzee, aliweza pia kuwa mvuvi. Lakini kila alipojaribu kumpanga mvuvi, mama alibaki mwisho.

Akaandika: "Wa kwanza hajulikani. Wa mwisho ni mama."

Nje, vijana walikusanyika kulinganisha majibu.

"Lile la mashine lilikuwa rahisi," Flavian akasema. "Wa kwanza ni mzee. Wewe dada uliandika nani?"

"Niliandika kwamba hajulikani."

Flavian aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Anaomba kazi kwa kuwaambia wakubwa kwamba hajui!"

Walicheka. Uso wa Cornelia ulipata moto, ingawa upepo ulikuwa baridi. Wengi mno walikuwa wameandika mzee. Je, alikuwa amekosea? Aliinama, akalichora swali lile mchangani mbele ya miguu yao. Akampanga mvuvi nyuma ya mzee, kisha mbele ya mzee. Mipango yote miwili ilisimama.

"Nionyeshe sentensi inayokataa huu wa pili," akamwambia Flavian.

Flavian alitazama mchanga. Midomo yake ilisogea akisoma moyoni. Alipofika sentensi ya mwisho alilegeza tai, akaondoka.

Siku za kungoja zilikuwa ngumu kuliko mtihani wenyewe. Cornelia alirudi kwenye matuta. Alilaza majani vizuri, akafunika vizuri, akaimba hata nyimbo ambazo hakuzipenda. Hatimaye Kulsumu alikuja shambani mwenyewe, viatu mkononi, khanga imejaa mbegu za nyasi.

"Meneja anakuita," akasema. "Sijui la nini. Kanawe miguu."

Meneja alikuwa mtu wa maneno machache. Karatasi ya Cornelia ilikuwa mezani kwake, imefunuliwa mahali penye viduara.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba wa kwanza hajulikani?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulikisia?"

"Hapana. Nilijaribu kumweka mvuvi mbele, nikajaribu kumweka nyuma. Swali lilikubali kote. Sikuwa na haki ya kuchagua."

Meneja aliifunga ile karatasi. "Karani asiyejua anaweza kuuliza, tukamfundisha. Anayetutia hasara ni yule anayejaza kwa kichwa chake mahali pasipo na kitu. Jumatatu uje kazini, ndugu Cornelia."

Cornelia alishukuru kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipotoka nje ndipo alipokimbia. Alikimbia mpaka shambani, na mama yake alipomwona anakuja vile alitupa jembe, akapiga vigelegele kabla hajaambiwa chochote.

Benki haikumfanya Cornelia asahau nyumbani. Kila Jumamosi mchana aliwakusanya vijana wa kijiji waliotaka kufanya mitihani ya kazi. Walikaa nje ya jengo la kisomo, kila mmoja na mahali pake pa udongo. Hata Theodory aliegemeza baiskeli akasikiliza.

Siku ya kwanza aliwapa fumbo la watu watatu wa palepale kijijini, Tadei akiwemo, waliolima mashamba matatu yaliyofuatana. Hakuwa amemaliza kulisoma, msichana mmoja, Josefina, akaruka juu.

"Nimejua! La katikati ni la Tadei!"

"Umejuaje?"

"Tadei ana nguvu. Lazima ana shamba kubwa la katikati."

"Nguvu za Tadei zimesemwa kwenye swali?"

Wenzake walianza kumcheka Josefina, Cornelia akawatuliza kwa mkono.

"Nionyeshe hapo chini," akasema kwa upole.

Josefina alichuchumaa. Akakusanya udongo, akafanya vituta vitatu. Safari hii alisikiliza swali mpaka mwisho, ndipo akaweka kijiti cha kwanza.