Nafasi ya Nane

Jumatatu jioni fomu zilikuwa na nafasi saba za kujaza, na Apolonia alikuwa na hakika, maana ile ya saba aliiweka yeye mwenyewe. Jumanne asubuhi zilikuwa nane.

Apolonia alikuwa karani wa Bwana Hasnain, aliyekodisha na kutengeneza pampu za maji pale Kharumwa. Shimo likijaa maji, wachimbaji wadogo walikuja kujaza fomu ya kuomba fundi. Mwaka ule wa tisini na nane Hasnain alileta kompyuta kutoka Mwanza, na ndani yake programu ya ajabu: unaandika swali mara moja, unabonyeza, nalo linajichomeka lenyewe kwenye kila fomu. Apolonia aliipenda mashine ile, tusifichane. Kwao Ngokolo, mama alishazikwa na kaka hawasemeshani. Hana mume, hana mtoto. Kutwa nzima hakuna aliyemsemesha ila kwa habari za pampu.

Swali la saba alilichomeka kwa nia njema kabisa: *Jina la aliyemo shimoni.* Alitaka fundi ajue anamwokoa nani.

Masele, mchimbaji mtu mzima, alilisoma akarudisha kalamu mezani.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "hili lifute. Kule chini hatuitani majina. Mimi ni Tochi, mwenzangu yule mrefu ni Msumari. Mwenye dhahabu akilijua jina lako la kweli, anakuita."

"Mwenye dhahabu ndiye nani?"

"We! Usiniulize humu ndani."

Apolonia akacheka. Watu wa machimbo na majini yao! Huyo Msumari alimjua, ni Kalisti, basi akaliandika jina mwenyewe na kubonyeza.

Sasa hii nafasi ya nane iliuliza: *Nani atamuulizia asiporudi?* Akaifuta. Ikarudi kabla hajainua kidole. Ofisi ikanuka udongo mbichi, udongo wa chini kabisa, na nje ilikuwa kiangazi kikavu. Kisha printa ikaanza yenyewe, sindano zikitafuna karatasi kama panya kwenye gunia, ikatoa fomu moja. Aliyemo shimoni: *Kalisti.* Nani atamuulizia: *hakuna.*

Jumatano Kalisti alishuka, hakupanda. Alikuwa mgeni, mtu wa Biharamulo, hana ndugu huku. Wenzake walisema huenda amehamia machimbo mengine, wakaendelea na kazi. Apolonia alikaa na fomu ile mapajani akaona aibu ya kufa, kwa kuwa hata yeye hakwenda kuuliza.

Ijumaa mchana Hasnain alikuwa msikitini na mafundi walikuwa porini. Printa ikalia. Aliyemo shimoni: *Apolonia.* Nafasi ya nane ilikuwa tupu, na kwenye kioo cha kompyuta kale kamstari ka kuandikia kakawa kanawaka na kuzima, kanawaka na kuzima, kakingoja, na harufu ya udongo ikapanda mpaka kooni, na chini ya sakafu ya saruji kitu kikaanza kumwita taratibu kwa sauti ya mama yake, vilevile alivyokuwa akimwita kula, naye akatafuta jina, jina lolote, akamfikiria kaka yake akamwacha, akamfikiria Hasnain akamwacha, akapita watu wote aliopata kuwajua mmoja mmoja, asimpate hata mmoja wa kuulizia alikokwenda.

Mlango ukafunguka. Masele alikuwa amefuata pampu. Akaiona karatasi, akaelewa.

"Sina wa kuandika," Apolonia akanong'ona. "Masele, sina mtu."

Masele akasogea. Kwa kidole kimoja chenye tope akatafuta herufi moja moja: M, A, S, E, L, E.

"Mimi nitakuulizia," akasema.

Sauti ikakoma. Harufu ikakatika. Apolonia akalia kama mtoto, kwa hofu, na kwa furaha pia.

"Lakini umeandika jina lako la kweli!"

"Nimeona, mayu."

Jumatatu Masele hakuja kurudisha pampu. Apolonia hakusubiri printa. Alifunga ofisi akaenda machimboni kwa miguu, jua la saa sita likimchoma utosi. Wenzake Masele wakamwonyesha shimo kwa vidole. "Alishuka jana, hakupanda," wakasema.

Akapiga magoti ukingoni, penye kamba.

"Masele!" akaita. "Masele, uko wapi?"

Sauti ikajibu kutoka chini, karibu mno, na haikuwa ya Masele.

"Nani anamuulizia?"

"Usijibu, mayu!" mmoja akamvuta gauni. "Nyamaza, twende!"

Angeweza kunyamaza. Angerudi chumbani kwake akafunga mlango, na Masele angekuwa mtu asiyeuliziwa na mtu.

"Apolonia," akasema kwa nguvu. "Apolonia wa Ngokolo. Namtaka mtu wangu."

Wachimbaji wakakimbia. Kamba ikakaza mbele ya macho yake, ikaanza kutikisika. Kuna kitu kilikuwa kinapanda.

Apolonia akanyoosha mkono.