Gia Zilizochelewa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijapoa, Chiriku alikuwa ameshavaa ovaroli yake ya bluu na kuingia gereji ya baba yake, iliyoungana na nyumba yao. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akiwa na miaka kumi na miwili tu, alijua kupima maji, breki na mafuta ya gari la nyumbani, kisha kuandika kila kitu kwenye daftari lililoning'inia ukutani. Baba yake hakuwa fundi wa kuamini mkono wa mtu kirahisi, lakini daftari lile aliliamini.

Jumamosi moja baba alitoka kufuata vipuri. Chiriku alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akaona yamepungua. Akatwaa kopo rafuni, akamimina. Alipochomoa kijiti tena, alikitazama mara mbili. Mafuta ya giaboksi ya gari lile la otomatiki yalikuwa mekundu, na haya yalikuwa na rangi ya asali. Alikuwa amemimina mafuta ya injini!

"Nikisema, baba hatanishikisha spana tena," aliwaza. Akafuta kijiti, akarudisha kopo, akaandika: Giaboksi, sawa.

Jumatatu jioni baba alirudi amekunja uso. "Hili gari lina kitu," alimwambia mama. "Ukiweka gia, linafikiria kwanza. Injini inanguruma weee, halafu linaruka kama limechomwa sindano."

"Labda limezeeka kama mwenyewe," mama alitania.

Baba alicheka, lakini kwa siku mbili hakutulia. Alipima betri, akakagua nyaya, akaunganisha mashine ya kusoma hitilafu. Hola, hakuna kilichoonekana.

"Chiriku, mafuta ya giaboksi uliyapima?"

"Yako sawa, baba."

"Basi hayo tuyaache. Tatizo liko kwingine."

Siku hizo Chiriku aliongea kidogo sana, hata mama akamgusa paji la uso akidhani ana homa.

Alhamisi mchana mjomba alipiga simu. Bibi, mama yake mama, aliyelazwa hospitali ya mji jirani, alikuwa amezidiwa. "Anamwita binti yake," mjomba alisema. "Njooni sasa hivi."

Wakaondoka wote watatu kwa gari lile lile. Walipoanza kupanda mlima, injini ilipiga kelele lakini gari likazidi kupungua mwendo, mpaka likasimama kabisa. Baba alishuka, akafungua boneti, akashika kichwa. Mama alisimama kando ya barabara akipungia kila gari lililopita. Chiriku alibaki kiti cha nyuma, akiitazama boneti iliyoinuliwa.

Saa mbili zilipita kabla dereva wa lori hajawahurumia. Walipofika wodini, mjomba alikuwa mlangoni, macho mekundu. Nyuma yake kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi.

"Alikuulizia mpaka mwisho, dada," alisema. "Nilimwambia mko njiani."

Mama alikaa chini sakafuni.

Siku tatu baada ya maziko, gari likiwa limeshavutwa hadi nyumbani, Chiriku alimfuata baba gereji. Alieleza yote, kuanzia kopo hadi neno "sawa". Baba alichomoa kijiti, akasugua mafuta kati ya vidole, akayanusa. Kisha akakaa juu ya tairi.

"Gari la otomatiki likichelewa kuingia gia, kijiti ndicho cha kwanza kuchomoa," alisema polepole. "Hata anayejifunza kazi leo anajua. Mimi sikukichomoa, kwa sababu uliandika wewe."

Chiriku alitamani agombezwe.

Walikwenda pamoja kwa mama. Aliposikia, aligeukia dirisha.

"Ningemkuta?" aliuliza mwishowe.

"Sijui," baba alijibu. "Pengine."

Kesho yake baba alimwaga mafuta yale, akaweka mekundu, akaendesha, akamwaga na kuweka tena ili kuondoa mabaki. Kisha akawaita wajaribu gari. Gia ziliingia laini, moja baada ya nyingine, bila hata kusikika. Mama, kwenye kiti cha mbele, alisikiliza gari likipanda kilima bila shida, akaanza kulia.

"Kukosea kopo si kosa kubwa, mwanangu," alisema. "Kila fundi amewahi kukosea. Lakini ungesema Jumamosi ile ile, baba yako angeyamwaga kabla ya chakula cha mchana. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Kosa ukilificha linaendelea kufanya kazi, na hujui litamfikia nani."

"Umenisamehe, mama?"

Mama alinyoosha mkono nyuma ya kiti, akaushika mkono wa Chiriku.

"Bado inauma," alisema. "Lakini nimeanza."